Mashine ya tai iliyokaa kwenye nyumba ya kuku

Wiki ile nilipoweka hapa picha ya tai wa chuma, watu waliuliza sana. Mmoja alisema ni redio ya zamani, mwingine akasema ni kasha la pesa la misheni. Niliahidi kuandika. Itakuwa ndefu kidogo, mutanisamehe, juu historia ya kitu kama hiki haiishi kwa mistari mitatu.

Kitu chenyewe ni mashine ya kamari. Ya zamani, ya mkono, haina umeme hata kidogo. Unaingiza kipande cha pesa, unavuta mkono wa chuma upande wa kuume, magurudumu matatu yenye picha yanazunguka, kisha yanasimama moja, la pili, la tatu. Picha zikipatana, pesa inaanguka kwenye kikombe cha chini. Yetu ilikaa kwa nkambo kule Kipushi, ndani ya nyumba ya kuku, miaka mingi kuliko umri wangu. Marehemu nkambo mwanaume alikuwa anaweka mbegu ya mahindi ndani ya kasha lake la pesa, juu panya hawezi kuingia mule. Mimi niliyesoma lisansi ya agronomia nimekula utoto wote mahindi yaliyotoka kwenye tumbo la mashine ya kamari, na sikujua.

Kwa nini tuliitoa? Hapa niseme ukweli, na mdogo wangu ameniruhusu kuandika bila jina lake. Mwaka huu alipewa minervali mkononi aende kulipa. Hakulipa. Kwenye avenyu yetu kuna chumba chenye mashine ndogo za kamari, za umeme, zenye taa na muziki, na pesa yote iliishia mule kwa siku nne. Alificha wiki sita, mpaka jina lake likakosekana kwenye liste ya mtihani. Mama alilia. Baba alinyamaza, na kwetu hiyo ni mbaya kuliko kulia. Nkambo mwanamke aliposikia alisema tu: "Kule mu nyumba ya kuku kuko ile mashini ya nkambo yenu. Muende muuzishe. Ilikulaka pesa ya batu, sasa ilipe."

Mjini kuna bwana mmoja anayenunua vitu vya zamani: saa, vinanda, mashine za cherehani. Aliangalia picha kwenye telefone akasema: kama ni ya kweli, na kama inatembea, dola 400. Kama ni nakala, au kama imekufa, hapana. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa mbili: kujua ni kitu gani hasa, na kuifanya itembee. Mimi nazoea kutengeneza mashine za kusaga na kupukuchua mahindi, nikasema chuma ni chuma. Mdogo wangu nilimwita aje afanye kazi pamoja nami, kila siku, bila malipo.

Kwanza historia, juu bila hiyo huwezi kutambua kitu.

Mashine za namna hii zilitoka Marekani. Charles Fey, fundi aliyezaliwa Bavaria huko Ujerumani mwaka 1862, alihamia San Francisco, na huko kwenye miaka ya mwisho ya 1890 akatengeneza mashine ya magurudumu matatu aliyoiita Liberty Bell. Picha zake zilikuwa kengele, kiatu cha farasi, nyota, na alama za karata. Kengele tatu zilileta vipande kumi vya senti tano. Kabla yake zilikuwepo mashine za poka zenye karata, lakini zile hazikuweza kulipa zenyewe; ulipaswa kumwita mwenye baa akulipe bia au sigara. Ya Fey ilihesabu na kulipa yenyewe. Hakutaka kuziuza. Aliziweka kwenye mabaa na kugawana mapato na mwenye baa, nusu kwa nusu. Tetemeko la ardhi la 1906 liliharibu ateliye yake pamoja na sehemu kubwa ya mji.

Kufikia 1907 kampuni ya Chicago, Mills Novelty Company, ilikuwa imeanza kutoa mashine za namna ile ile. Fey alikuwa fundi. Mills ilikuwa kiwanda. Fey aliweka picha 10 kwa kila gurudumu, yaani mipangilio 1,000. Mills ikaweka 20, na 20 mara 20 mara 20 ni 8,000. Kumbukeni hiyo namba. Sheria za kamari zilipokaza, zikatoka mashine zilizojifanya za kuuza gum ya kutafuna, na picha zikawa matunda: cheri, pruni, chungwa, limau. Ile alama nyeusi iliyoandikwa BAR, ambayo hata mashine za taa za leo bado zinayo, inaelezwa kwamba ilianzia kwenye alama ya gum hiyo. Vijana wa kartie yetu wanaililia BAR usiku kucha, na kumbe ni pakiti ya gum!

Miaka ya 1930 ilikuwa wakati wake mkubwa. Nevada iliruhusu kamari mwaka 1931. New York haikuruhusu, lakini mashine zilijaa kule, nyingi zikiwa mkononi mwa Frank Costello, mtu wa magenge. Mwaka 1934 meya Fiorello LaGuardia alizikusanya, akapigwa picha akizivunja kwa nyundo kubwa, na nyingine zikatupwa majini. Mwaka 1951 sheria ya serikali kuu ya Marekani ikakataza kuzisafirisha kwenda jimbo lisilozihalalisha. Ndiyo maana za zamani zilizo nzima hazikubaki nyingi sana, na ndiyo maana watu wanazilipia, na ndiyo maana watu wengine wanatengeneza za nakala.

Sasa yetu. Uso wake ni wa aliminiamu ya kumimina, na juu yake tai aliyefungua mabawa. Huyo tai anajulikana: Mills walitoa mashine hiyo mwaka 1931, na inaitwa War Eagle. Tatizo ni kwamba ni mojawapo ya zile zinazonakiliwa sana. Tai peke yake hathibitishi kitu.

Tukaifungua mgongoni. Mlango wa nyuma ulikuwa wa mbao nyekundu, na hapo agronomia ilinisaidia mara ya kwanza: ni mulombwa, mti wa kwetu, na hakuna mtu wa Chicago aliyetumia mulombwa. Nkambo alijitengenezea mlango. Pande mbili zilizobaki zilikuwa za mwaloni, mti wa kule kwao, na sakafu mchwa walikuwa wameila karibu yote. Tukatoa mashine ya ndani, inavutwa nje nzima kama droo. Chini ya kinyesi cha kuku na grisi iliyokauka ikawa ngumu kama lami, kulikuwa na namba iliyogongwa kwenye chuma. Kwenye mbao kulikuwa na namba nyingine. Hazikufanana.

Mdogo wangu alikata tamaa: "Njo ni bongo, yaya. Ni ya kuungaunga." Nami nilifikiri hivyo siku nzima. Lakini ukielewa jinsi kazi ilivyofanyika zamani, namba mbili hazina ajabu. Mills walitengeneza mashine za ndani ziweze kuingia kwenye makasha tofauti. Mwenye mashine 20 kwenye mabaa, moja ikikwama Jumamosi jioni, hakuitengeneza palepale. Alivuta ile ya ndani akasukumiza nyingine, biashara ikaendelea. Mtu wa nakala anayetaka kudanganya angegonga namba zifanane. Namba zetu zisizofanana, pamoja na mdomo wa kikombe uliosuguliwa na vidole mpaka ukawa mwembamba kama wembe, zilinionyesha kwamba mashine ilifanya kazi kweli, miaka mingi.

Ilifanya kazi wapi? Familia yote ilikuwa na jibu: ilikuwa ya Wabelgiji, kwenye klabu yao ya Elisabethville, wakaiacha walipokimbia 1960. Nimesikia hadithi hiyo tangu mtoto, na muyomba wangu mmoja anaisimulia na bunduki ndani.

Juu ya mashine kuna njia ya pesa yenye kioo. Kila ukiingiza kipande, vilivyotangulia vinasogea hatua moja mbele ya macho. Haikuwa urembo. Ilikuwa ili mwenye baa akipita aone kama mtu ameingiza kipande cha bati badala ya pesa. Kwenye mwisho wa njia hiyo kulikuwa na kipande kimoja kimekwama, cheusi. Tulikiloweka kwenye petroli siku mbili. Kikatoka. Upande mmoja mashoka mawili yaliyopishana, maneno Southern Rhodesia, na mwaka 1951. Upande wa pili kichwa cha mfalme George wa Sita. Sixpence.

Nilichukua kipimo. Milimita 19 na kidogo. Kipande cha senti tano cha Marekani, ambacho mashine nyingi za Mills zilikula, ni milimita 21. Tundu letu la pesa lilikikataa kabisa kitu cha milimita 21, na sixpence iliteleza kama ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo mashine ilipangwa kwa sixpence. Na Elisabethville watu walitumia franka. Nani ataweka kwenye klabu ya Wabelgiji mashine inayokula pesa ambayo hakuna mtu anayo mfukoni? Pesa ya Rhodesia ya Kusini ilitumika pia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na reli kutoka kule ilifika Elisabethville tangu 1910. Mashine ilitoka kusini, na mwaka 1951 au baadaye ilikuwa bado inakula.

Nilimpelekea nkambo ile sixpence. Aliigeuzageuza mkononi, akacheka kidogo. "Banani balikuambia ya Babeleji? Nkambo yenu alitumika Ndola, ku hoteli. Alikuwa anafula maglasi." Hakuna aliyewahi kumuuliza, akasema. Wanaume walikuwa wanaongea, yeye alikuwa anapika.

Akasimulia. Kabla ya uhuru, wakati mzazi wangu alikuwa hajazaliwa bado, mwenye hoteli alikuwa anafunga kazi yake. Alikuwa na deni la mshahara wa miezi mitatu kwa nkambo. Siku ya mwisho akamwonyesha ile mashine na kusema: chukua hii, ndani yake kuna jackpot, ni nyingi kuliko mshahara wako. Na ni kweli, uso wa mashine una dirisha dogo, nyuma ya kioo unaona pesa zimejaa, zinangoja BAR tatu. Nkambo alikubali. Akaileta kwa treni ndani ya kasha la sabuni. Alikuja na sixpence zake, akawa anavuta jioni, anazirudisha, anavuta tena. Mwishowe akavunja kile kioo kwa msumari akatoa za jackpot kwa mkono. Hazikufika mshahara wa mwezi mmoja. Baadaye akaweka mbegu.

Nkambo alisimulia hayo bila uchungu. Mimi niliyekuwa na uchungu.

Tukarudi kwenye kazi. Hapa nitasema niliyoyajifunza kwa hasara, kama kuna mtu ana kitu cha namna hii kwao. Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilianza uso kwa brosi ya waya. Ndani ya dakika mbili nilikuwa nimekwangua rangi nyekundu ya bawa la kushoto, rangi iliyokuwa imevumilia karibu miaka 90 na kuku wote wa Kipushi. Hairudi. Fundi wa rangi alisema tupake yote upya, ing'ae. Nilikataa, bawa moja lililokwanguliwa ni kosa langu, lakini kupaka yote ingekuwa kufuta na lililobaki. Usitumie soda kali kwenye aliminiamu, inaila. Petroli na brosi laini ya meno, polepole, siku nyingi. Mkono ukikwama usilazimishe hata kidogo. Kuna kitu kimeuzuia ndani, na ukilazimisha utavunja. Mafuta ni yale ya cherehani, tone kwa tone, na mahali penye feni ndogo panataka usafi kuliko mafuta. Ile feni ndiyo saa ya mashine: inapunguza mwendo wa meno, ili magurudumu yasimame kwa zamu na moyo wako upate nafasi ya kupiga. Kwenye yetu ilikuwa imeshikwa na unyoya wa kuku. Unyoya mmoja! Tulipoutoa, mdogo wangu akavuta mkono, na kitu kilichokuwa kimya zaidi ya miaka 60 kikaanza kunguruma. Tak. Tak. Tak.

Alivuta tena. Na tena. Nilimwona uso wake, nikaogopa. Bila pesa, bila taa, kwenye ateliye ya mahindi, uso ulikuwa ule ule niliouona kwenye kile chumba siku nilipokwenda kumtoa.

Sikujua nimwambie nini. Nikampa kazi ya kuhesabu. Kwa kazi yangu, mtu akileta mbegu akisema ni nzuri, sibishani naye. Nachukua punje 100, naziotesha, nahesabu. Nikamwambia: andika picha zote za kila gurudumu kwa mpango wake. Karatasi zilikuwa za zamani, zimekuwa kahawia, lakini zinasomeka. Aliandika hivi. Gurudumu la kwanza: BAR 1, kengele 2, pruni 5, chungwa 4, cheri 5, limau 3. La pili: BAR 2, mbali mbali, kengele 5, pruni 2, chungwa 5, cheri 6, limau hakuna. La tatu: BAR 1, kengele 7, pruni 4, chungwa 5, limau 3, cheri hakuna.

Malipo yalikuwa kwenye karatasi ya mbele. BAR tatu, vipande 20 pamoja na jackpot. Kengele tatu 18, pruni tatu 14, machungwa matatu 10, na la tatu likiwa BAR inalipa vile vile. Cheri mbili za mwanzo 3, na zikifuatwa na kengele au limau 5. Tukazidisha. Kati ya mipangilio 8,000, inayolipa ni 852. Ukivuta mara 8,000 kwa vipande 8,000, inarudisha 5,780, ukiacha jackpot. Yaani kwa kila 100, mwenye hoteli anabaki na 27 au 28, kila siku, mvua inyeshe jua liwake.

Mdogo wangu hakushangaa sana. "Batu bote banajua nyumba inakula," akasema. Ni kweli, wote wanajua. Kisha akauliza swali ambalo mimi, na lisansi yangu, sikuwa nimelifikiria: "Lakini ju ya nini BAR inaonekana kila mara? Kila mara iko pembeni kidogo, sawa inataka kuya."

Dirisha la mashine linaonyesha mistari mitatu kwa kila gurudumu: ule unaolipa katikati, na mmoja juu, mmoja chini. Mistari ya juu na chini hailipi kitu. Tukahesabu mara ngapi BAR inaonekana mahali popote kwenye dirisha. Mipangilio isiyo na BAR hata moja ni 17 mara 14 mara 17, ni 4,046. Inayobaki ni 3,954. Karibu nusu! Katika kila mivuto miwili, karibu mara moja unaona BAR mbele ya macho. Na BAR tatu kwenye mstari ni mipangilio 2 kwa 8,000.

Alikaa kimya na kalamu. Baadaye akasema, si kwangu, kama anaongea na ile karatasi: kwenye chumba kile, kila usiku alirudi kwa sababu ilikuwa "karibu".

Mambo yangeishia hapo kama si vidole. Nyuma ya kila gurudumu kuna sahani ya chuma yenye mapengo 20. Kidole cha chuma kinaanguka kwenye pengo, gurudumu linasimama. Sahani nyingine ina matundu, na vidole vingine vinapapasa matundu hayo ili mashine ijue ilipe kiasi gani. Mashine haina macho, inasoma kama kipofu. Nilikuwa nasafisha mapengo ya gurudumu la kwanza kwa njiti, moja moja. Kumi na tisa yalikuwa wazi. La ishirini lilikuwa na kitu. Nilidhani ni grisi. Njiti ikavunjika. Nikaleta taa: kipande cha chuma, kidogo kama ukucha wa mtoto, kimekatwa vizuri kwa umbo la nusu mwezi, kimebanwa kwa makusudi kuziba lile pengo. Tukazungusha gurudumu kuona ni pengo la picha gani.

Ilikuwa BAR.

Kitu hicho kilijulikana sana kwenye biashara hiyo, kina hata jina la mdudu kwa Kiingereza. Kidole kikija kwenye pengo lililozibwa, kinateleza juu yake na kuanguka kwenye linalofuata. Kwenye mashine yetu linalofuata lilikuwa limau. Hesabu nyingine zote zinabaki zile zile, cheri zinalipa, kengele zinalipa, hakuna mchezaji atakayelalamika. Ile BAR moja ya gurudumu la kwanza haitasimama katikati hata siku moja. Na angalieni ubaya wake: kwa sababu inateleza hatua moja tu, BAR inaendelea kuonekana kwenye dirisha, juu au chini ya limau, mara zile zile kama zamani. Mipangilio 2 kwa 8,000 iligeuka sifuri, na "karibu" haikupungua hata kidogo.

Nkambo mwanaume alivuta mkono ule jioni ngapi? Mshahara wa miezi mitatu. Nani alikibana kile kipande, mwenye hoteli, au mwenye mashine kabla yake, chuma hakisemi. Kwamba alijua au hakujua alipomwambia nkambo "ndani kuna jackpot", hilo nalo halimo kwenye chuma.

Hapo tuligombana, mimi na mdogo wangu. Yeye alitaka kukitoa palepale. "Tutoe, yaya, ikuwe ya haki." Mimi nilisema kutengeneza kitu cha zamani si kukifanya kiwe kile tulichotamani kiwe, kile kipande ni sehemu ya historia yake kuliko hata rangi ya bawa. Akanijibu kwamba ni rahisi kwangu kusema, mimi sijawahi kukaa upande ule wa kioo. Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Tulikitoa kuipima, tukakirudisha, tukakitoa tena. Kwa sasa kiko kwenye kikopo cha mbegu, na karatasi yenye maelezo.

Bwana mnunuzi alikuja Alhamisi. Nilimwambia yote: namba hazifanani, mlango ni wa mulombwa, sakafu tumeweka mpya, bawa nimelikwangua mimi, na kile kipande. Mdogo wangu alinikanyaga mguu niliposema la bawa. Bwana alishusha mpaka dola 250. Kisha alipoona sixpence ya 1951 na kile kipande, akapanda mpaka 300, akasema vitu hivyo viwili lazima viende pamoja na mashine. Minervali ni 280. Nkambo amesema auziwe, lakini sixpence inabaki. Tunaongea bado.

Mdogo wangu amepewa nafasi ya kujiandikisha kwa sesheni ya pili. Sisemi kwamba ameacha. Wiki iliyopita alipita mbele ya kile chumba pamoja nami, akasimama mlangoni, akaangalia mtoto mmoja anacheza, akaniuliza kama mashine za umeme nazo mtu anaweza kuzifungua nyuma ahesabu. Nikamwambia zile ni programu, huwezi kuhesabu kwa njiti. Akasema basi ni mbaya zaidi. Tukaenda.

Na ombi moja kwa kikundi. Ili kumwonyesha mnunuzi kwamba inalipa sawasawa, bomba la ndani lazima lijae vipande. Sixpence tunayo moja tu. Tumekata rondeli 40 za milimita 19 kwa fundi wa bati, yaani bati zile zile ambazo kile kioo cha juu kiliwekwa kuzikamata, lakini ni nyepesi na mara nyingine zinakwama. Kama kuna mtu wa Kasumbalesa, Sakania au Kipushi ambaye wazee wake walitumika upande ule, na kwenye sanduku kumebaki vipande vya Rhodesia vyenye mashoka mawili, aniandikie. Tutaazima, tutarudisha vyote kwa hesabu. Mnunuzi anarudi Jumamosi saa nane.